Rektifaya ipi kwa Stereo 70 yangu? GZ34, 5U4G au plagi ya silikoni

"Nina amplifaya ya valvu, Dynaco Stereo 70, niliyoinunua hapa Minneapolis kwa familia iliyokuwa ikiuza vitu vya marehemu mzee wao. Nasikilizia santuri za taarab na rumba alizoniachia baba. Rektifaya iliyokuja nayo imeandikwa Amperex GZ34, na karibu na kitako kuna maandishi madogo sana yanayoanza na f32, na chini yake mstari unaoanza na herufi B. Jamaa mmoja aliniambia imezeeka, niitupe. Muuzaji anataka kuniuzia GZ34 ya Philips yenye kitako cha chuma kwa dola 400, anasema besi itakuwa nzito na sauti za waimbaji zitakuwa tamu. Rafiki yangu anasema niweke 5U4G ya RCA, ambayo ni dola 40 tu na inaingia kwenye soketi ileile, eti inarudisha utamu wa redio za zamani. Mwingine anasema niachane na valvu hapo, niweke plagi ya silikoni. Tena wiki iliyopita nilizima na kuwasha haraka, nikaona mmweko wa samawati ndani ya rektifaya. Muziki ukaendelea kama kawaida. Je, ni kweli rektifaya tofauti zina sauti tofauti? Nimsikilize nani?"

Ndugu yangu, naanza na lile ulilolitaja mwishoni, kwa sababu ndilo la haraka: ule mmweko ndani ya rektifaya, yaani valvu inayonyoosha umeme wa transfoma uwe wa uelekeo mmoja. Kabla hujampa mtu yeyote hata dola moja, chomoa amplifaya ukutani na uiache hivyo mpaka ipimwe. Msimamo wangu juu ya mengine nakupa mapema ili usome ukijua tunakokwenda. Usiweke 5U4G. Usinunue ile ya kitako cha chuma kwa ahadi ya sauti. Usiweke plagi ya silikoni, yaani diodi zinazochomekwa mahali pa valvu kufanya kazi yake, katika mashine yako ilivyo sasa. Na usiitupe Amperex yako, kwani kwa alama ulizozisoma huenda ndiyo GZ34 nzuri kuliko yoyote unayouziwa.

Watu huchanganya aina mbili za mwanga wa samawati. EL34 zako nne, zile valvu zinazosukuma spika, zinaweza kuonyesha utando wa samawati kwenye ukuta wa kioo, uliotulia au unaocheza na muziki. Hizo ni elektroni zinazogonga kioo, na hazina madhara. Zipo pia rektifaya za zebaki, kama ile ya Kimarekani iitwayo 83, ambazo kung'aa samawati ndiyo hali yao ya kazi. GZ34 haina zebaki wala gesi ndani. Ukiona mmweko ndani yake wakati wa kuwasha, umeme umeruka kati ya kathodi, sehemu inayopashwa moto ili itoe elektroni, na anodi inayozipokea. Mmweko mmoja hauui valvu kila mara, ndiyo maana muziki uliendelea. Lakini unaweza kubandua chembe za ule unga mweupe uliopakwa juu ya kathodi, na chembe zikizagaa ndani, mmweko unaofuata hupata njia rahisi zaidi. Siku anodi na kathodi zikishikana kabisa, umeme wa transfoma utaingia kwenye kapasita ya kwanza, kifaa kinachohifadhi chaji, bila kunyooshwa. Ukibahatika, fyuzi itakatika. Usipobahatika, kapasita itapasuka au transfoma itaungua, na bei ya transfoma hailingani kabisa na bei ya valvu.

Kilichousababisha umekitaja mwenyewe: kuzima na kuwasha haraka. Ulipozima, kapasita zilianza kumwaga chaji yake huku kathodi ikiwa bado moto. Ulipowasha tena, kapasita tupu zilidai mkondo mkubwa kwa mpigo, na kathodi iliyokwisha kupata moto ilikuwa tayari kuutoa wote. Kathodi baridi hupasha polepole na kuachia mkondo kidogo kidogo, kathodi moto haina breki hiyo. Tangu leo, ukizima amplifaya ya valvu, iache ipoe dakika kadhaa kabla ya kuiwasha tena, hata kama umekatishwa katikati ya wimbo.

Sasa tuje kwenye swali la sauti, na hapa inabidi tuelewane kwanza juu ya kazi ya kifaa chenyewe. Muziki haupiti ndani ya rektifaya. Umeme wa Marekani hugeuka uelekeo mara 120 kwa sekunde, na valvu zinazokuza sauti zinahitaji umeme wa uelekeo mmoja. Rektifaya ni mlango wa upande mmoja: inaruhusu elektroni zitoke kathodi kwenda anodi, hairuhusu zirudi. Kinachotoka hapo kinakuja kwa mafungu, fungu moja kila nusu mzunguko, na kapasita ya kwanza inayapokea. Ichukulie kapasita hiyo kama tangi la maji juu ya nyumba linalojazwa kwa ndoo: ndoo zinakuja kwa vipindi, bomba la jikoni linatiririka bila kukatika. Koili na kapasita zinazofuata humalizia kusawazisha. Ndiyo kusema rektifaya inaweza kugusa muziki kwa njia chache tu: inaacha volti ngapi zipotee njiani, volti hizo zinaongezeka kiasi gani muziki unapodai mkondo zaidi, na inachukua muda gani kuanza kazi baada ya kuwasha.

Upotevu wa volti ndio moyo wa jambo, na hapa namba za watengenezaji zinasaidia kuliko maneno ya wauzaji. GZ34, ambayo Wamarekani huiita 5AR4, hupoteza takriban volti 17 mkondo wa miliampia 225 ukipita kwenye anodi moja. 5U4G hupoteza takriban volti 44 kwa mkondo huohuo. 5Y3GT, valvu ndogo ya redio iliyorithi kazi ya ile ya kale iitwayo 80, hupoteza takriban 60 kwa miliampia 125 tu. Tofauti hizi zinatoka kwenye umbo la ndani. Katika GZ34 kathodi ni bomba jembamba lenye kipasha moto ndani yake, na anodi imewekwa karibu sana nalo. Kadiri nafasi kati yao inavyokuwa ndogo, elektroni zinavuka kwa nguvu ndogo na volti chache zinapotea. 5U4G ni ya muundo wa kale: uzi wenyewe unaowaka ndio unaotoa elektroni, na uzi huo unahitaji nafasi kuizunguka.

Tufanye hesabu ya amplifaya yako. Volti kuu ndani ya Stereo 70 ni takriban 420. Ukiweka 5U4G unapoteza kama 27 zaidi, unabaki na kama 393. Nguvu ya juu inayoweza kutolewa hufuata mraba wa volti, kwa hiyo wati 35 kwa kila upande zinashuka hadi karibu 30. Inaonekana ni nyingi, lakini kwa sikio ni desibeli 0.6, na tena utakutana nayo pale tu unapofungulia sauti mpaka amplifaya inafika ukingoni. Kwenye sauti ya kawaida ya sebuleni, taarab ikiwa inapigwa na wageni wanazungumza, unatumia wati moja au mbili. Hapo tofauti hiyo haipo.

Basi kwa nini watu wengi, wakiwemo wasikivu wazuri, wanaapa kwamba wanasikia mabadiliko? Siwaiti waongo. Kuna mambo mawili ya kweli chini ya madai yao.

La kwanza limetoka kwa wapiga gitaa. Amplifaya za gitaa za Fender za miaka ya 1950, kama Deluxe, zilitumia 5Y3GT, na mpiga gitaa huisukuma amplifaya yake mpaka ilie. Akikwaruza nyuzi kwa nguvu, mkondo unapanda, volti inashuka, sauti inabanwa kisha inapumua tena. Hiyo ni sehemu ya ala yake na anaipenda kwa haki. Watu wakaibeba sifa hiyo kutoka jukwaani mpaka kwenye mashine za kusikilizia santuri, ambako mazingira ni mengine kabisa: hatuisukumi amplifaya ilie, na Stereo 70 ina mrejesho hasi, yaani sehemu ya sauti inayotoka hurudishwa mwanzoni ilinganishwe, na hilo husahihisha kasoro nyingi za njiani.

La pili ni bayasi, yaani volti hasi inayopanga EL34 zipitishe mkondo kiasi gani, na hili ndilo ningependa ulishike kuliko mengine yote. EL34 zako hupewa volti hasi kutoka kwenye mkondo mwingine wa transfoma, ambao haupiti kwenye rektifaya hiyo. Ukibadilisha rektifaya, volti kuu inabadilika na volti hasi inabaki palepale, kwa hiyo mkondo wa EL34 unasogea. Ukiweka 5U4G unashuka, valvu zinafanya kazi zikiwa baridi kidogo, na ukakasi fulani unaweza kuingia kwenye sauti ndogo. Ukiweka silikoni unapanda. Mtu asiyerekebisha bayasi baada ya kubadilisha anasikia kitu halisi, lakini anachosikia ni EL34 zilizohama mahali pake, naye anaisifu au kuilaumu rektifaya.

Habari njema ni kwamba Dynaco walikufanyia wema hapo. Mbele ya amplifaya kuna soketi mbili zenye sehemu ya kupimia, na unaweza kusoma bayasi bila kufungua kifuniko cha chini. Mwongozo wa kiwanda unataka volti 1.56 kila upande. Namba hiyo imetokana na rezista ya omu 15.6 iliyobeba mkondo wa EL34 mbili: miliampia 100, yaani 50 kwa kila valvu. Kwa volti 420 hiyo ni kama wati 21 za joto kwenye kila EL34, ambayo kikomo chake cha anodi ni 25. Hakuna nafasi kubwa ya kuchezea. Mafundi wengi siku hizi huteremsha kidogo mpaka karibu 1.25, yaani miliampia 40 kwa valvu, na mimi nakubaliana nao. Valvu zinaishi zaidi na sikio halidai kitu.

Turudi kwa rafiki yako na 5U4G yake, maana sababu ya mimi kuikataa kabisa haihusu sauti. Ina vizingiti viwili vya usalama.

Kizingiti cha kwanza ni kipasha moto. GZ34 inakula ampia 1.9 kwa volti 5, 5U4G inakula ampia 3. Ampia 1.1 za ziada ni wati 5.5 unazoiongezea transfoma ambayo hata ikiwa mpya ilijulikana kwa kupata moto. Kuingia kwenye soketi ileile hakumaanishi chochote. Familia nzima ya rektifaya hizi ina miguu iliyopangwa kwa namna moja, na ndiyo maana makosa haya hufanyika kila siku.

Kizingiti cha pili ni muda. Uzi wa 5U4G huwaka karibu papo hapo na volti kuu hupanda ndani ya sekunde chache. EL34 zako bado ni baridi, hazitumii mkondo wowote, kwa hiyo hakuna kinachoivuta volti chini. Transfoma ya Stereo 70 inatoa takriban volti 360 kila upande, na kilele cha wimbi la volti 360 ni 509. Hiyo ni kwa umeme wa volti 117 ambao wabunifu wa Marekani walikuwa wakiuhesabu enzi hizo. Leo ukutani kwako huenda ukapima 122 au zaidi. Zidisha na utapata 531. Kapasita ya asili ya Stereo 70 imeandikwa 525. Kila unapowasha, unaipitisha kapasita kwenye kikomo chake, na kama ni ile ya kiwandani ina umri wa zaidi ya nusu karne. GZ34 huchukua sekunde kumi hivi au zaidi kupata moto, na kufikia hapo EL34 nazo zimeanza kuamka na kunywa mkondo. Uchelewaji huo ni sehemu ya ubunifu wa mashine. David Hafler na wenzake pale Philadelphia waliitoa Stereo 70 mwaka 1959 wakiwa wameitegemea GZ34 kwa makusudi.

Kwa sababu hizohizo plagi ya silikoni haifai hapo. Inapoteza volti moja tu badala ya 17, inaamka mara moja, na inapandisha mkondo wa EL34 zilizokuwa tayari karibu na kikomo. Silikoni yenyewe si adui. Mashine nyingi nzuri za valvu zimebuniwa nayo tangu mwanzo, zikiwa na kapasita zinazostahimili. Kama ungekuwa unajenga upya sehemu yote ya umeme, na kapasita za volti 600 pamoja na kifaa cha kuchelewesha, ningekuambia endelea. Kuichomeka tu ndani ya mashine ya 1959 ni jambo jingine.

Usije ukajaribu pia 5Y3GT: kikomo chake ni miliampia 125, na EL34 zako nne peke yake zinadai 200 kabla muziki haujaanza. 5V4G ni valvu nzuri mno yenye uchelewaji kama wa GZ34, lakini ni ndogo kwa mzigo huu. 5R4GY ilitengenezwa kwa volti kubwa na kapasita ndogo sana, nayo tuiache huko.

Sasa kitako cha chuma. GZ34 hizo zilitengenezwa na Philips Uholanzi katika miaka ya 1950, ni nzuri kwa macho, zimejengwa kwa uangalifu, na zimebaki chache. Uchache ndio unaolipiwa dola 400. Kitako, kiwe cha chuma au cha plastiki, kinashika miguu tu. Ndani ya kioo kazi ni ileile: volti 17, miliampia 250, kapasita ya kwanza isiyozidi mikrofaradi 60. GZ34 mbili nzima, moja ya Uholanzi na moja ya Uingereza, zikiwekwa kwenye Stereo 70 moja na bayasi ikarekebishwa, zitatofautiana kwa volti chache tu, pengine pungufu ya mabadiliko ambayo umeme wa ukutani wenyewe hufanya kati ya asubuhi na jioni. Anayekusanya valvu kwa mapenzi ya historia yake, namwelewa na namheshimu. Anayetafuta besi nzito, fedha hiyo inafanya kazi zaidi kwenye sindano mpya ya santuri au kwenye spika.

Kuna tofauti moja ya kweli kati ya za zamani na za sasa, nayo ni uimara. GZ34 za Mullard na Philips zimepata jina la kudumu miaka mingi ndani ya mashine kali kama Stereo 70, ambayo huisukuma rektifaya yake karibu na mwisho wa uwezo. Za siku hizi, zinazotoka Slovakia, Urusi na China, zinapishana: nyingine zinatumika miaka bila neno, nyingine hutoa mmweko mapema. Hapo ndipo thamani ya valvu ya zamani ilipo, na ndiyo maana nikasema usiitupe Amperex yako.

Hebu tuzisome alama zake. Jina la rangi kwenye kioo halikuambii sana. Amperex, RCA, General Electric na wengine waliuza GZ34 zilizotengenezwa kwingine wakaziwekea jina lao, tena rangi hufutika na matapeli wanaweza kuipaka upya. Maandishi yale madogo yaliyochorwa karibu na kitako ndiyo ya kuaminiwa zaidi. Katika viwanda vya kundi la Philips, namba kama f31, f32 au f33 ni ya aina ya valvu na toleo lake. Mstari wa chini huanza na alama ya kiwanda: B ni Blackburn, kiwanda cha Mullard katika jimbo la Lancashire, Uingereza, X ni Sittard, Uholanzi. Baada yake kuna tarakimu ya mwaka, herufi ya mwezi, na tarakimu ya wiki. Kwa hiyo valvu yako yenye jina la Amperex ilitoka Blackburn. Ni Mullard. Ungeiuza leo kwa jina lake la kweli, yuleyule muuzaji wa kitako cha chuma angeichukua haraka.

Umri peke yake hauiozeshi valvu. Tazama juu ya kioo: lile doa linalong'aa kama fedha likiwa limegeuka jeupe, hewa imeingia na valvu imekufa. Likiwa bado linang'aa, swali linabaki kama kathodi inatoa mkondo wa kutosha, na kama mmweko ule umeacha uharibifu. Igonge taratibu kwa ukucha ikiwa baridi na imetolewa kwenye soketi. Ukisikia kitu kikicheza ndani, usiirudishe. Kipimo cha uhakika ni fundi kuipima ikiwa chini ya mzigo na volti kamili, na hapo sitaki ufanye mwenyewe. Chini ya kifuniko kuna volti zaidi ya 400, na kapasita zinaweza kubaki na chaji baada ya kuchomoa. Zinaua.

Kuna kinga ndogo ambayo nataka umwombe fundi aiweke, bei yake ni ya kikombe cha kahawa: diodi za silikoni kwenye njia ya kila anodi, kabla ya umeme kuingia kwenye rektifaya. Valvu inaendelea kufanya kazi yake na uchelewaji wake unabaki, lakini siku ikishikana ndani, diodi zinazuia umeme usionyooshwa usifike kwenye kapasita. Wengi hutumia 1N4007 moja kwa kila anodi. Mimi nasisitiza mbili zikifuatana kila upande, na sababu ni hesabu ileile ya juu: katika mzunguko huu volti ya kinyume hufikia mara mbili ya kilele, yaani zaidi ya 1,000, na 1N4007 moja imeandikwa 1,000. Siku valvu imeshikana ndiyo siku diodi itabeba mzigo wote peke yake, na siku hiyo sitaki iwe ukingoni.

Mwambie pia apime umeme wako wa ukutani. Ukiwa mara kwa mara juu ya 120, transfoma ndogo ya kupunguza volti tano au sita itaziponya valvu zote kwa pamoja: vipasha moto vitapata volti vilivyobuniwa kupata, bayasi itatulia, transfoma kuu itapoa. Ninaamini mabadiliko hayo yana faida kubwa kwa mashine yako kuliko rektifaya yoyote iliyopata kutengenezwa. Halafu aitazame kapasita kuu. Kama ni ile ya kiwandani, ibadilishwe, na aangalie asifuate tamaa ya kuweka kubwa mno mwanzoni. Dynaco waliweka mikrofaradi 30 baada ya rektifaya. Baadhi ya watu huweka 80 au 100 wakitafuta besi, halafu wanashangaa GZ34 zinakufa moja baada ya nyingine. Tangi kubwa linadai mafungu makubwa, na kathodi ndiyo inayolipa.

Kama bado unatamani kujilinganishia mwenyewe, na si vibaya kutamani, linganisha GZ34 kwa GZ34. Rekebisha bayasi kila unapobadilisha, iache mashine ipate moto dakika ishirini, na umwombe mtu wa nyumbani abadilishe yeye bila kukuambia ameweka ipi. Cheza santuri ileile, wimbo uleule, jioni kadhaa, na uandike unachodhani kabla hujaambiwa. Kumbukumbu ya sauti haidumu mpaka valvu ipoe na nyingine ipate moto, kwa hiyo maandishi yatakusaidia kuliko hisia ya usiku mmoja.

Neno kwa wasomaji wa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam wanaotumia mashine za Ulaya: hesabu ni ileile, namba ndizo zinabadilika. Quad II ilitoka kiwandani na GZ32, Leak Stereo 20 na GZ34. Redio za mezani na za santuri nyingi zina EZ80 au EZ81, na hizo mbili msizibadilishane kwa kuona tu miguu inafanana, kwa sababu kipasha moto cha EZ80 kinakula ampia 0.6 na cha EZ81 ampia 1. Tazama kichaguzi cha volti nyuma ya mashine, kwani zipo zilizowekwa 220 ambazo zinalishwa 240 miaka yote. Na aliyeleta mashine ya Marekani akaiwekea transfoma ya kushusha volti akumbuke kwamba kule umeme ni wa hezi 60 na huku ni 50. Transfoma iliyobuniwa kwa 60 tu itapata moto zaidi, hata volti zikiwa sawa.

Kwako wewe, tafuta fundi aliyezoea amplifaya za valvu, si wa televisheni za kisasa. Mweleze habari ya mmweko kabla hajawasha, na ukiona anataka kuiamsha polepole kwa transfoma ya kupandisha volti kidogo kidogo huku GZ34 ikiwa ndani, mwulize anatarajia nini, maana rektifaya ya valvu haianzi kazi mpaka kipasha moto chake kipate volti za kutosha. Kama kabla ya hapo umewahi kuona anodi za EL34 zikiwa nyekundu, fyuzi imekatika hata mara moja, umesikia mvumo mpya kwenye spika, au nta imechuruzika chini ya transfoma, mwambie hayo yote, na usikubali kuwekewa fyuzi kubwa zaidi ili isikatike.

Amperex ikipita vipimo, irudishe ndani ikiwa na diodi zake za kinga, na ununue GZ34 moja mpya ya bei ya kawaida uiweke kabatini kama akiba. Isipopita, iweke hiyo mpya kazini kwa kinga ileile, bayasi kwenye 1.25, uipime tena baada ya wiki moja, kisha kila baada ya miezi michache. Zile dola 400 zibaki mfukoni. Sehemu yake italipia kapasita, diodi na saa za fundi.